Noah inachemsha njia ya Garsen, lakini mjini haina neno: nianzie wapi?

MwanaMambrui

Salaam alaikum na hamjambo nyote. Naomba msaada kabla sijatoa pesa nyingine.

Nina Toyota Noah ya petroli, ya zamani kidogo, nabeba abiria na mizigo kati ya Malindi na Garsen. Mjini gari halina neno. Nazunguka sokoni adhuhuri, jua la utosi, nasimama na kuondoka, na geji haifiki hata nusu. Shida inaanza nikishavuka daraja la Sabaki. Nikiipita Mambrui gari limejaa na mwendo umekaa kwenye 90, geji inaanza kupanda pole pole. Gongoni imeshavuka nusu. Nikijikaza hadi Marereni inagusa nyekundu, na kutoka hapo hadi Garsen si mahali pa kusimama kichakani na abiria wenye watoto. Nikishusha mwendo hadi 60 inarudi. Nikizima AC inarudi haraka zaidi.

Fundi wa kwanza alisema ni feni. Nikanunua feni, hali ni ile ile. Wa pili akasema pampu ya maji, ikabadilishwa, hali ni ile ile. Sasa wa tatu anasema hedi, ile sehemu ya juu ya injini, imepinda, tuifungue, na gharama aliyonitajia siiwezi. Chini ya gari sioni tone la maji, ila tangi la akiba linapungua kidogo kidogo nami nalijaza. Nianzie wapi?

BintiBarani

Pole sana kaka. Mimi si fundi, lakini kabla ya yote nakuomba: gari likichemsha njiani usifungue kifuniko cha rejeta, hata abiria wakupigie kelele namna gani. Jirani yetu alifungua kwa haraka akaungua shingo na kifua, na alikaa muda mrefu bila kuweza kuvaa shati. Egesha, zima, fungua boneti, kaeni kivulini.

FundiMaweni

Wa alaikum salaam. Aliyoyasema dada yazingatiwe na kila anayesoma hapa. Ndani ya rejeta ya moto mna presha; ukifungua, maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke papo hapo na kukurukia. Subiri nusu saa na zaidi, uminye mpira wa juu, lile bomba la maji la rejeta, kwa kitambaa, ukiwa bado mgumu usiguse kitu. Na usimwage maji baridi kwenye injini iliyoungua, hedi ya alumini hupasuka kwa mtindo huo.

Sasa tuje kwako, mwanangu. Usifungue hedi. Hedi hufunguliwa ikishahukumiwa na vipimo, na sijaona kipimo hata kimoja katika maelezo yako. Nimeona vipuri tu.

Gari lenyewe limeshasema mengi. Gari linalochemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, likapoa ukikimbia, ugonjwa wake mara nyingi uko kwenye feni: mota, rilei, fyuzi, swichi ya joto au waya. Ukishakuwa kwenye mwendo wa barabara kuu, upepo wenyewe unafanya kazi ya feni, na hata ikifa hutajua mpaka ufike mjini. Lako ni kinyume kabisa. Linapoa likienda taratibu, linapanda likibebeshwa kazi. Hapo ni kwamba joto linalozalishwa na injini limezidi joto ambalo rejeta inaweza kulitoa. Kwa hiyo tunatafuta huku: rejeta imeziba ndani kwa kutu na chokaa, au imeziba nje kwa mchanga na wadudu, au mpira wa chini unanyonywa na kubonyea mwendo ukikolea, au gesi ya moto inapenya kwenye maji kupitia gesketi ya hedi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na injini. Aliyekuuzia feni hakukuuliza gari linachemsha wapi. Angeuliza, pesa yako ungekuwa nayo.

Kuna jambo limenishtua kuliko hiyo nyekundu ya Marereni. Unasema adhuhuri, sokoni, geji haifiki nusu, na unalitaja kama sifa. Injini nzima ikishapata joto lake geji husimama karibu na nusu na haichezi, iwe Malindi au Limuru. Inayokaa chini hivyo kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi ina kitu kimepungua. Nijibu haya: thamostati, ule mlango wa maji unaojifungua kwa joto, ipo? Unaweka maji gani? Kifuniko cha rejeta kimeandikwa nini juu yake, na raba yake ikoje? Na alfajiri kabla hujawasha, mpira wa juu ukiuminya ni laini au mgumu?

MwanaMambrui

Shikamoo fundi. Thamostati haipo. Fundi mmoja aliing'oa zamani, akasema Pwani hii joto tupu, thamostati ni ya watu wa bara kwenye baridi. Maji naweka ya kisima cha nyumbani, yana chumvi kidogo. Tunaogea na kufulia, ya kunywa tunanunua. Kifuniko kimeandikwa 0.9, raba imepasuka pasuka pembeni. Mpira alfajiri ni laini.

DerevaMkongwe

Fundi, kwa heshima yako, hapo kwenye thamostati naomba nitie neno. Mimi nimeendesha njia ya Mombasa–Malindi tangu ujana wangu, na kila gari ninaloshika kitu cha kwanza ni kuing'oa hiyo. Halijanichemkia hata moja. Joto la huku si la mchezo, maji yaachwe yapite.

FundiMaweni

Marahaba mwanangu, umenijibu vizuri. Na kaka Mkongwe, nakuheshimu, na najua unalolisema ndilo linaloaminiwa na madereva wengi kuanzia Likoni hadi Hola. Ndiyo sababu nitalijibu kwa urefu, maana injini nyingi zinakufa kwa imani hii.

Thamostati haijui kama nje ni Pwani au ni mlima Kenya. Inajua joto la maji ya injini peke yake. Ya kawaida kwenye magari haya huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi, na yakikaribia 95 inakuwa imefunguka yote. Injini ikiwa kwenye kazi nzito mchana wa kaskazi, thamostati nzima iko wazi kabisa na haimzuii mtu. Inachofanya ni kuhakikisha injini inafika kwenye joto lake haraka na haishuki chini ya hapo.

Ukiing'oa unapata hasara ya kwanza: injini inafanya kazi ikiwa baridi. Kompyuta ya gari inaona maji hayajapata moto, inaendelea kuongeza petroli. Petroli isiyoungua inashuka kwenye oili na kuipunguza nguvu, plagi zinapata masizi, na silinda zinakwanguka mapema. Dereva analalamika gari linakunywa mafuta, anauziwa plagi mpya.

Hasara ya pili ndiyo inayomhusu huyu kijana. Injini nyingi zina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta, ili maji yazunguke wakati injini bado ni baridi. Thamostati ina kisahani chini yake ambacho huiziba njia hiyo wakati mlango mkubwa unafunguka. Ukitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi milele. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini jinsi ilivyotoka, haijapoozwa. Kwenye mwendo mdogo huoni tofauti. Bebesha mzigo, washa AC, kamata 90, utaiona.

Ya tatu ni mbaya kuliko zote mbili. Gari lisilo na thamostati linaficha rejeta inayokufa. Lenye thamostati, rejeta ikianza kuziba geji inaondoka mahali pake pa kawaida, nawe unashtuka mapema. Lisilo nayo linaanzia chini sana, kwa hiyo hata rejeta ikiwa imeziba nusu, mjini geji bado inaonekana imekaa pazuri. Unatembea na ugonjwa bila kujua mpaka siku ya safari ndefu. Magari yako kaka Mkongwe hayajachemsha kwa sababu rejeta zake zilikuwa nzima, na rejeta nzima ingefanya kazi vile vile thamostati ikiwa mahali pake.

DerevaMkongwe

Nimekusoma. Sasa thamostati ikigoma kufunguka je? Hapo si ndipo injini inaungua? Hilo ndilo lililonifanya nisiiamini.

FundiMaweni

Swali la haki. Ikigoma kufunguka gari linachemsha upesi sana, dakika chache tu baada ya kuwasha, na mpira mmoja unakuwa wa moto wa kuunguza huku mwingine umebaki baridi. Dalili hiyo haijifichi. Na kuipima ni kazi ya jikoni: ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, weka jikoni, na uwe na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, na maji yakikaribia kuchemka iwe imeachia nafasi ya milimita 8 au zaidi. Itoe, ikipoa ijifunge yote. Isiyofanya hivyo nunua nyingine, bei yake ni ndogo ukilinganisha na hedi.

Sasa maji. Hapa naomba kila mwenye gari kuanzia Watamu hadi Gongoni asome pole pole.

Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na bahari iko karibu. Maji yake yanakuja na chokaa na chumvi kwa pamoja. Chokaa inaganda palipo na joto kali, yaani kwenye kuta za silinda na ndani ya vijimirija vya rejeta. Tazama ndani ya birika la nyumbani uone ule utando mweupe, kisha fikiria mrija wa rejeta ambao nafasi yake ya ndani ni milimita chache tu. Chumvi nayo kazi yake ni kula alumini: inatoboa rejeta, inakwangua mdomo wa pampu, inachimba hedi pale gesketi inapokaa. Na kila ukijaza tangi la akiba kwa maji ya kisima unaongeza chokaa na chumvi mpya, maana yanayopotea kwa mvuke ni maji matupu. Uchafu wote unabaki ndani.

Maji ya bomba yanayotoka Baricho ni afadhali kuliko ya kisima, lakini nayo si ya kuweka daima. Weka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Yale maji ya betri yasiyo na asidi yanafaa; soma chupa, maana asidi ya betri nayo inauzwa kwenye duka hilo hilo na chupa zinafanana. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa kwa chombo safi baada ya bati kuoshwa na mvua za mwanzo yanafaa kuliko kisima. Kulanti haiko kwa ajili ya nchi za theluji peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu na kulainisha pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka.

Kifuniko chako kilichopasuka raba kinaeleza kwa nini tangi linapungua na huoni tone. Hapa tulipo, usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwa nyuzi 100. Kifuniko cha 0.9 kikishika presha yake, maji hayo hayo hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 119. Raba ikipasuka presha inatoroka, unarudi kwenye 100, na maji yanakwenda zake kama mvuke kupitia tangi la akiba. Kibadilishe kwa chenye namba ile ile. Usipandishe namba ukidhani unaongeza nguvu, utapasua mipira.

Mpira kuwa laini alfajiri ni habari njema. Ungekuwa mgumu baada ya gari kulala usiku kucha, ningeanza kuifikiria gesketi.

Fanya haya kesho. Gari likiwa baridi, fungua kifuniko, jaza maji mpaka juu, washa, tazama mdomo wa rejeta. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonasa. Mapovu yanayokuja bila kukoma, na yanazidi ukikanyaga, hiyo ni gesi ya silinda. Pima pia oili kwenye kijiti: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, niambie. Kisha funga kifuniko, endesha mpaka lipate moto, zima, na mwombe mtu mwenye kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga akupimie uso wa rejeta toka upande mmoja hadi mwingine, juu na chini. Sehemu ya baridi katikati ya rejeta ya moto ni mirija iliyokufa. Na uangalie kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta iliyo mbele yake, na rejeta, tumia tochi.

BintiBarani

Fundi, swali la pembeni. Baba yangu zamani akiona rejeta inavuja alikuwa akitia unga wa manjano ya jikoni, na kweli ilikuwa inaacha. Je, inafaa?

FundiMaweni

Wazee walifanya hivyo na kuvuja kukakoma, hilo ni kweli binti yangu. Unga unabebwa na maji, unavutwa kwenye tundu, unaliziba. Lakini unga haujui tundu la kuvuja ni lipi na mrija wa kupozea ni upi. Rejeta za zamani za shaba zilikuwa na mirija mipana, na fundi aliweza kufungua tangi la juu kwa kuyeyusha risasi, akachokoa mrija mmoja mmoja kwa ukanda wa chuma, akaunganisha tena. Za leo ni alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa; hazichokoleki hivyo. Ukitia manjano leo umeziba kuvuja na umeziba rejeta. Kama uko katikati ya Tana River na hakuna njia nyingine ya kufika nyumbani, hiyo ni dharura. Ukifika, isafishwe au ibadilishwe siku hiyo hiyo.

MwanaMambrui

Nimerudi. Nimefanya yote.

Mapovu: machache mwanzoni kisha kimya, hata nikikanyaga. Oili safi. Kati ya kondensa na rejeta kuna zulia zima la vumbi, mbawa za wadudu na manyoya; sikujua kama pale pana nafasi. Kipimajoto nimeazima kwa fundi wa majokofu. Juu upande wa kuingilia maji ilisoma 91, na robo tatu ya chini kulikuwa na eneo kubwa linasoma 50 na kitu. Nikakifungua kifuniko baada ya kupoa, ndani kuna ukoko wa rangi ya udongo.

FundiMaweni

Basi tumempata. Hilo eneo la baridi halipitishi maji. Una rejeta ya kwenye karatasi na nusu ya rejeta barabarani. Hedi yako iacheni ilivyo.

Ungekuwa na ukoko mwembamba ningekwambia tusafishe kwa dawa ya asidi ya limau na kusuuza mara nyingi. Kwa kiasi hicho utasafisha mirija ambayo bado iko hai, na iliyokufa itabaki imekufa, maana dawa haiingii pasipopita maji. Badilisha rejeta. Ukienda dukani, chukua ya zamani uiweke kando ya mpya: upana, urefu, na hasa unene wa kiini, ile sehemu ya mirija na mapezi. Kuna rejeta za bei ya chini zinazoingia kwenye mabano vizuri kabisa lakini kiini chake ni chembamba, na kwa Pwani na gari la kubeba watu hazifai. Bora ile iliyotumika ambayo imepimwa kuliko mpya nyembamba.

Kabla ya kufunga mpya, safisha bloku, yaani mwili wa injini. Toa maji yote, mpira wa juu na wa chini vikiwa wazi, pitisha maji ya bomba kwa nguvu ya kawaida kinyume na njia yake mpaka yatoke meupe. Usiposafisha, ukoko uliobaki kwenye bloku utahamia kwenye rejeta mpya. Osha kondensa ukitokea ndani kuja nje, maji ya mpira wa bustani, si mashine ya presha. Mapezi yake ni laini yanalala. Thamostati mpya na gesketi yake, ile pini ndogo ya hewa iwe upande wa juu. Kifuniko kipya.

Kujaza ndipo wengi wanapoharibu. Noah yako ina hita ya nyuma, mabomba yake ni marefu na yananasa hewa. Egesha pua ikiwa juu kidogo. Fungua hita zote, ya mbele na ya nyuma, kwenye joto kali kabisa. Jaza taratibu, washa, kifuniko kikiwa wazi, iache ijiendeshe bila kukanyaga. Maji yatashuka, ongeza. Subiri mpaka thamostati ifunguke: utaona maji yanashuka ghafla na mpira wa chini unapata moto. Hita zote mbili zitoe hewa ya moto. Mapovu yakikoma, funga. Kesho yake likiwa baridi, angalia tena.

Na kwa kuwa umebadilisha feni, hakikisha inavuta. Waya mbili za mota zikigeuzwa, feni inazunguka kinyume na kusukuma upepo kupigana na ule unaoingia. Washa AC gari likiwa limesimama, weka karatasi ya daftari mbele ya grili. Ivutwe na ishike pale.

MsafiriWitu

Uzi huu nauhifadhi. Swali: gari langu dogo halina geji ya joto kabisa. Kuna taa ya buluu asubuhi inazimika, basi. Nitajuaje?

FundiMaweni

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yako hivyo. Buluu ni kwamba injini bado baridi, ikizimika imepata moto, na nyekundu ikiwaka tayari umechelewa, egesha hapo hapo. Ndiyo maana wenye magari hayo wanahitaji kuangalia tangi la akiba kuliko wengine. Likipungua bila sababu ujue kuna kitu. Taa ya buluu nayo inafundisha: ikikaa muda mrefu sana bila kuzimika kwenye joto letu hili, thamostati imekwama wazi au imeng'olewa. Kuna pia kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta na kukuonyesha nyuzi kwenye simu. Kwa mtu anayepita Witu na Mpeketoni peke yake nakishauri.

Ikitokea joto linapanda na uko mahali huwezi kusimama, zima AC, fungua hita yote na madirisha, shusha mwendo. Hita ni rejeta ndogo ya pili, itakuchoma miguu lakini itaondoa joto kwenye injini mpaka ufike pa kuegesha.

MwanaMambrui

Fundi, Mungu akulipe. Rejeta imefungwa, thamostati imerudi, kulanti nusu kwa nusu, kondensa imeoshwa. Feni ilikuwa inazunguka kinyume kama ulivyoshuku, karatasi ilipeperuka mpaka chini ya ukuta, waya zimegeuzwa.

Leo nimekwenda Garsen na kurudi, gari limejaa, AC haijazimwa. Geji ilipanda hadi karibu na nusu tukiwa bado hatujatoka Malindi, nikaogopa, nikakumbuka maneno yako. Ikakaa hapo. Mambrui hapo, Gongoni hapo, Marereni hapo, Garsen hapo. Na petroli imebaki kuliko kawaida, nitaipima vizuri nikijaza tena.

DerevaMkongwe

Hongera kijana. Fundi, gari nililonalo sasa nataka kurudisha thamostati. Nikirudisha peke yake bila kugusa rejeta, kuna hatari?

FundiMaweni

Ipo, kaka, na umefanya vyema kuuliza. Kama rejeta imeziba kidogo kidogo miaka yote hiyo bila thamostati, sasa ndipo utaiona. Ipime uso wake kwanza kama alivyofanya kijana. Ikiwa na joto lililoshuka kwa mpangilio toka inapoingia maji hadi yanapotokea, rudisha thamostati bila wasiwasi. Na kama umekuwa ukitumia maji matupu, usitie kulanti juu ya uchafu, suuza kwanza. Usifuate rangi unapochagua, kijani ya huyu si kijani ya yule. Soma aina iliyoandikwa na usichanganye aina mbili, nyingine zikikutana zinaganda.

Kulanti ina utamu na ni sumu. Iliyomwagika ioshwe kwa maji mengi, iliyobaki ifungwe, watoto na mbuzi wasiifikie.

NahodhaMokowe

Nasoma nikiwa Mokowe. Sisi huku magari ni machache, kazi yetu ni mashine za boti kwenda Lamu na Pate. Hizo zinapozwa na maji ya bahari yenyewe. Chumvi hiyo mbona hujaisema?

FundiMaweni

Nahodha, mashine ya nje ya boti imetengenezwa ikijua itakunywa bahari, lakini nayo chumvi inaganda njiani, hasa ikizimwa ya moto na kuachwa. Kila jioni ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa kile kikombe cha kufungia mpira wa maji, ikiwa imewashwa pole pole, mpaka itoke safi. Kile kijito cha maji kinachoruka nyuma ndiyo geji yako: kikipungua nguvu au kikitoka cha moto sana, zima, angalia kwanza kama kuna mfuko wa plastiki au majani ya bahari kwenye mdomo wa kunyonya. Ukikosa kitu hapo, fungua pampu uangalie ule mpira wenye mapezi. Unalika kwa mchanga, na kwenye mikondo yenu ya mikoko mchanga ni mwingi. Weka wa akiba botini, pamoja na bisibisi na spana zake.